Paka Mzee Si Takataka

Wenzangu, msinicheke. Najua kurasa hizi kila mwaka hujaa nidhamu, mitihani na dawa za kulevya. Mimi leo nasema juu ya paka, tena paka mzee mwenye vidonda.

Kwetu Donholm tuna paka aitwaye Shilingi. Ana miaka 13. Dadangu alimwokota kando ya Outering Road akiwa mdogo kama ngumi. Mwaka jana alianza kujikuna. Kukuna si kukuna! Usiku kucha, krr krr krr chini ya kochi, hadi manyoya ya mgongoni yakaisha. Majirani nao hawakosi la kusema. Mmoja: mpakeni mafuta taa. Wa pili: oili chafu ya gari. Wa tatu akamaliza, "Huyo amezeeka, mtieni kwa gunia mkamtupe sokoni."

Mimi, kwa ujuaji wangu, nikampaka dawa ya mbwa ya kuua viroboto. Jameni! Jioni hiyo akaanza kutetemeka, povu mdomoni, miguu haimshiki. Baba alimfunga kwa leso tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Akaoshwa kwa sabuni, akadungwa sindano ya kutuliza mtetemeko. Daktari akanieleza kwamba dawa ile ina pamethrini, na ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa. Tena paka hujiramba. Lolote umpakalo, mafuta taa au oili, huishia tumboni. Nilinyamaza. Ningesema nini?

Kumbe paka mzee viungo humuuma, hawezi kugeuka kujiramba mgongo. Viroboto hufanya makao hapo. Na kama mate ya kiroboto humdhuru, kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha mwili mzima. Mayai nayo huanguka kwenye mikeka na makochi, ndiyo maana kumtibu paka peke yake ni kazi bure. Wengine huwa na utitiri, au choa, ambacho hata wewe utaambukizwa.

Mama aliniuliza, "Karo au paka?" Swali hilo ni la haki, sitalikwepa. Daktari si wa bure. Lakini kuchana manyoya kwa kitana chenye meno membamba, kufua matandiko kwa maji moto na kufagia chini ya kochi ni bei gani? Hata kutompaka chochote ni rahisi kuliko mafuta taa. Sheria yetu, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, na kwangu mimi, gunia la sokoni ni mateso. Miaka yote hiyo alipotumalizia panya, hakuna aliyemwita mzee!

Shilingi angali hai. Manyoya yamerudi, ila pahali pamoja mgongoni. Mama hulalamika bado, lakini juzi nilimfumania jikoni akimchagulia omena wakubwa.