Kabla hujanunua droni mpya kwa sababu ya chenga, soma hii

Leo siongelei mtaji wala wateja wa "bei gani" wanaopotea ukishawajibu. Naongelea chenga. Zile punje zinazochemka kwenye video ya usiku, hasa ya droni, mpaka mteja anadhani kioo cha simu yake ndo kibovu.

Mnaonifahamu mnajua nauza taa za sola za nje, hapa Morogoro. Za ukutani, za bustani, na zile kubwa za kwenye nguzo. Biashara yangu ina shida moja ya ajabu: bidhaa haionekani mchana. Mwenzangu wa viatu anapiga picha saa 4 asubuhi mlangoni kwake, kamaliza, anaposti. Mimi nikipiga saa 4 asubuhi nakuwa naonyesha plastiki tu.

Msimamo wangu nausema mapema: chenga nyingi tunazolalamikia hazitokani na droni mbovu. Zinatokana na saa tuliyorusha, na kuiachia droni ijiamulie yenyewe. Halafu anayekwambia "hiyo ndogo, chukua kubwa" mara nyingi ndiye anayeiuza hiyo kubwa.

Nilijifunza kwa hasara. Mwaka jana mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni alitaka taa 40 za bustani. Akaniambia, "Mwanangu, nataka nione uwanja mzima ukiwa umewaka, kutoka juu." Nikamlipa kijana wa droni elfu 80, tukaenda kwa mteja wangu wa zamani ambaye tayari alishafunga taa zangu. Tukarusha saa 2 usiku, giza totoro, kwa akili yangu kwamba giza likiwa kubwa taa zitang'aa zaidi. Video ikatoka. Mzee akaangalia, akanijibu kwa sauti: "Mbona ardhi inachemka? Na taa zenyewe kama zimechoka." Taa 40 zikaenda kwa mtu mwingine.

Sasa kosa la pili, ambalo linaniuma kuliko la kwanza. Ile ile video nikaipeleka kwenye programu ya simu, nikapandisha mwanga, nikaweka kichujio cha kulainisha. Ikapendeza. Uwanja ukaonekana kama kiwanja cha mpira. Nikaposti. Dada mmoja akanunua 6. Baada ya siku 3 akanipigia: "Mdogo wangu, kwenye video taa inafika mpaka getini. Kwangu haifiki hata kwenye ngazi." Sikuwa na jibu. Nilirudisha hela, na nauli ya boda juu yangu. Sikuwa nimekusudia kumdanganya mtu, ila video yangu ilidanganya.

Ndo nikaanza kujisomea. Sikwenda chuo, nina cheti changu cha form four na bando la usiku. Binamu yangu ana DJI Mini 2 iliyotumika, akanifundisha kwayo. Niliyoyaelewa ni haya.

Kamera ya Mini 2 ina senso ya inchi 1/2.3. Hiyo ni ndogo kuliko kucha ya kidole chako kidogo. Mchana haina tatizo, mwanga ni mwingi. Jioni mwanga unapopungua, kinachoingia kwenye kile kikucha ni kidogo, na droni ikiwa kwenye oto inapandisha kitu kinaitwa ISO. Watu wanadhani ISO inaongeza mwanga. Haiongezi. Ni kama redio inayokamata stesheni ya mbali: ukipandisha sauti, mtangazaji anapanda na mkwaruzo nao unapanda. Chenga ndo ule mkwaruzo. Kutoka ISO 100 mpaka 3200 umepandisha mara 32, halafu unashangaa mkwaruzo unatoka wapi.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wauzaji kuliko wapiga video wa harusi. Oto inasawazisha kila kitu. Taa dhaifu ikiwa mbele yake, inapandisha ISO. Taa kali ikiwa mbele yake, inashusha. Mwishoni taa yangu ya elfu 25 na ile ya elfu 90 zinaonekana karibu sawa kwenye video, tofauti ni kwamba ya elfu 25 ina chenga. Mteja anauliza kwa nini hii ghali, na wewe huna cha kumwonyesha! Umeharibu mwenyewe ushahidi wako. Nikagundua kwamba kufunga ISO kunapunguza chenga, na papo hapo kunafanya video iseme kweli.

Kwa hiyo siku hizi nafanyaje?

Kwanza saa. Sirushi tena saa 2. Narusha jua likishazama tu. Huku kwetu karibu na Ikweta giza haliji taratibu kama Ulaya wakati wa kiangazi, linaanguka. Una dakika kama 20 hivi ambazo mbingu bado ina bluu, miti inaonekana umbo lake, paa linaonekana rangi yake, na taa tayari zinatamba. Mteja anaona ni usiku. Kamera haioni usiku, inaona mwanga wa kutosha. Muda wa kuzama jua uangalie kwenye simu yako siku hiyo hiyo maana unabadilika kwa mwezi. Betri moja ya Mini 2 kwa matumizi ya kawaida inakaa dakika 20 na kitu, yaani dirisha lote ni betri moja. Ukichelewa kwa sababu ulikuwa unatafuta memori kadi, rudi kesho.

Wa taa za sola mtaniuliza: hizo taa si zinajiwasha zenyewe giza likiingia? Ndiyo, na nyingi muda huo zinakuwa bado hazijashtuka. Funika paneli. Mimi natembea na maboksi niliyokata na vitambaa vyeusi. Paneli ikikosa mwanga, taa inadhani usiku umefika, inawaka. Majirani wamenizoea sasa, mwanzoni waliniona kama mganga.

Pili, natoka kwenye oto. Lenzi ya Mini 2 tundu lake halibadiliki, ni f/2.8 siku zote, kwa hiyo unacheza na vitu viwili tu, ISO na shata. Naweka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Sababu ya 25 na 1/50 si urembo. Umeme wetu wa Tanesco ni wa hezi 50, na taa za umeme zinapepesa kufuata huo umeme. Ukiweka shata isiyoendana unapata mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha kwenye taa za jirani au za barabarani. Ukiona mistari hiyo, usihangaike na droni, rudi kwenye shata.

ISO naanza na 100. Giza likisogea naenda 200, halafu 400. Ikinibidi kufika 800, nateremsha droni, kazi imeisha. Hiyo ni ya droni ndogo kama hii, yenye senso kubwa itakuvumilia zaidi. Kuna ujanja mmoja: droni ikiwa imesimama hewani au inatambaa polepole sana, unaweza kushusha shata mpaka 1/25. Mwanga unaoingia unakuwa mara mbili, kwa hiyo ISO unaikata nusu. Ila ukikimbia hivyo, kila kitu kinakuwa ukungu. Weka hali ya Cine, ile ya mwendo wa kinyonga, na usiguse mwendo wa Sport.

Ukiweka yale makioo meusi ya kupunguza mwanga wa mchana mbele ya lenzi, yatoe. Nacheka lakini nilishasahau, nikarusha dakika 10 nzima nikijiuliza leo ISO imepatwa na nini. Na futa lenzi. Alama ya kidole mchana huioni, jioni inageuza kila taa kuwa mwezi wenye nywele.

Tatu, shuka chini. Tunapenda kupanda mita 80 tuone mtaa mzima, kumbe kutoka huko unachopiga ni giza jingi na vitaa vidogo, na chenga zinakaa kwenye giza. Mita 8 mpaka 12 juu ya uwanja, ardhi yenye mwanga inajaza fremu. Mteja wangu hanunui mtaa, ananunua uwanja wake.

Nne ni kuongeza mwanga halisi. Muuza nyama choma, wa fenicha, wa mapambo ya sherehe, ninyi mna raha: ongeza balbu mbili nje ya fremu, ukuta mweupe uurudishe mwanga, umemaliza. Hakuna programu inayoishinda balbu ya elfu 5. Mimi siruhusiwi, nikiongeza balbu nakuwa nauza mwanga wa balbu. Ndo maana nategemea ile bluu ya jioni.

Kwenye kuhariri nina ugomvi na wengi. Mtu akiona giza anavuta vivuli juu, anataka kila kona ionekane. Pale ndipo chenga zimelala, unaziamsha mwenyewe. Fanya kinyume. Acha nyeusi iwe nyeusi, hata ishushe kidogo. Chenga zilizokuwa nusu zinaonekana zinazama humo humo. Punguza na ukali wa picha, kwa sababu kuongeza ukali kunanoa na chenga.

Programu za kusafisha chenga zipo na zinafanya kazi kweli. Zile nzuri zinalinganisha fremu moja na jirani zake: chenga zinabadilika kila fremu, ukuta haubadiliki, basi inabakiza ukuta. DaVinci Resolve wengi mnayo ya bure kwenye kompyuta, lakini kisafisha chenga chake kipo kwenye toleo la kulipia, la Studio. Sikatazi kulipia. Ninachosema, ukimpa chenga za ISO 3200 anakurudishia nyasi za plastiki na ukuta wa nta, na mteja anayeangalia ubora wa bidhaa yako anaangalia nta. Mpe za ISO 400, atakusaidia.

Sasa droni mpya. Sitaki mseme nadanganya: droni bora ipo. Mini 3 ina senso ya inchi 1/1.3 na lenzi ya f/1.7, hiyo f peke yake inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili na nusu ya f/2.8, na senso kubwa juu yake. Jioni tofauti inaonekana kwa macho. Kama kazi yako ni kupigia watu video, nunua. Kama wewe unauza taa, viwanja, makochi, hiyo hela ni mzigo wa mwezi mzima. Mimi nilifanya hesabu yangu: nahitaji video mpya kama mara 2 kwa mwezi. Bado naazima kwa binamu, namlipa elfu 20 na betri nachaji mimi.

Kuhusu sheria nisizunguke. Droni Tanzania inasajiliwa na inahitaji kibali, TCAA ndo mlango wa kuanzia, na kuruka usiku si kitu cha kujiamulia. Binamu yangu amesajili, na saa tunazoruka aliuliza kwanza. Ukimkodi mtu, mwombe karatasi kabla hujampa hela. Pia usalama: vihisi vingi vya chini na vya kukwepa vitu vinategemea kuona, giza likiingia havioni. Droni inayumba zaidi na haijui kama mbele kuna waya. Nyaya zote, minazi, na kamba za kuanikia nguo nazihesabu mchana nikiwa na mwanga.

Kitu cha mwisho nilichoongeza, na hakina gharama. Kwenye kila video namsimamisha mdogo wangu mita 5 kutoka kwenye taa, halafu mita 10, na naandika kwenye picha. ISO na shata ni zile zile kwa taa zote ninazolinganisha. Taa ya elfu 25 kwenye mita 10 uso wa dogo hauonekani vizuri, na naiacha hivyo hivyo. Mauzo ya ile ya bei ndogo yamepungua, siwafichi. Ila toka nianze hakuna aliyerudisha taa kwa sababu ya mwanga, na yule dada wa ngazi alirudi akachukua 2 za elfu 90.

Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama faili, sio kama video ya kawaida. Inabanwa ikipita njia ya kawaida, na video yenye chenga ikibanwa inakuwa viboksi viboksi, maana chenga hazitabiriki na zinakula nafasi yote. Kwa mzee wa nyumba ya wageni nilituma hivyo mwezi uliopita, klipu ya sekunde 18, ISO 200. Ameuliza bei ya za kwenye nguzo. Namsubiri.