Penye Miti na Wajenzi Wawepo

Wahenga walituachia neno la kwamba penye miti hapana wajenzi. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari ya nyoka mmoja wa Brazil, maana ndani ya habari hiyo neno la wahenga limetimia mara moja, na mara nyingine limekanushwa. Tena limo humo jambo linalogusa afya ya kila mtu anayeishi kwa jasho lake.

Nyoka huyo huitwa jararaka. Makao yake ni misitu na mashamba ya kusini ya Brazil, na anaowauma zaidi si matajiri wakaao ghorofani, bali ni watu wa jembe na panga wapitao majanini tangu alfajiri. Aliyeumwa naye huvimba na kutoka damu, na pengine nguvu ya damu mwilini mwake hushuka hata akaanguka chini.

Mwaka 1949 wataalamu watatu wa huko, Maurício Rocha e Silva, Wilson Beraldo na Gastão Rosenfeld, walitangaza kwamba sumu ile ikikutana na damu huifanya damu yenyewe itoe kitu chenye nguvu kubwa. Kitu hicho hupanua mishipa, hushusha shinikizo la damu, na huleta maumivu na uvimbe. Wakakiita bradikinini. Hivyo ilijulikana kwamba mwili wa mwanadamu una hazina yake ya vitu vinavyotawala mishipa na kuleta mchochota, yaani ule uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu, na kwamba nyoka hakufanya ila kufungua mlango wa ghala.

Mwanafunzi wa Rocha e Silva, Sérgio Ferreira, akaendelea palipoachwa na mwalimu wake. Mwaka 1965 alieleza kwamba katika sumu ile ile mna kitu cha pili, ambacho huizuia bradikinini isivunjike upesi, nayo ikazidi nguvu. Kisha akafunga safari hadi London, akaichukua dawa yake mpaka katika maabara ya John Vane, mtaalamu wa elimu ya dawa katika Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji. Vane na wenzake walikuwa wakichunguza homoni iitwayo anjiotensini, ambayo kazi yake ni kinyume cha bradikinini: huibana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Homoni hiyo haizaliwi ikiwa kali. Huwa pole kwanza, kisha kimeng'enya kimoja huikata ncha ikawa kali, na Vane alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kazi hiyo hufanyika hasa katika mapafu. Mwenzake aitwaye Bakhle alipoijaribu dawa ya Ferreira, aliona kwamba inakizuia kimeng'enya hicho. Kumbe mkono unaoinoa anjiotensini ndio huo huo unaoivunja bradikinini! Ukiufunga mkono huo mmoja, mishipa inalegea kwa njia mbili, na shinikizo linashuka.

Vane alikuwa mshauri wa kampuni ya Squibb ya Marekani, akaipelekea habari. Huko wanakemia wawili, David Cushman na Miguel Ondetti, ambaye ni mzaliwa wa Argentina, walifanya kazi kwa miaka mingi mpaka mwaka 1975 wakaunda kaptopril, dawa ambayo mtu aweza kuimeza kama kidonge, nayo ikaruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1981. Jamii yake ni kubwa leo. Enalapril na lisinopril, zinazojulikana katika hospitali zetu, ni watoto wa ukoo huo. Mamilioni ya watu wameokolewa na dawa hizi wasipooze, moyo wao usichoke, na figo zao zisiharibike.

Sasa twauliza swali moja. Nyoka ni wa Brazil. Walioumwa ni wakulima wa Brazil. Rocha e Silva na Ferreira walifanya uchunguzi wao katika taasisi ya serikali ya jimbo la São Paulo na katika chuo kikuu cha jimbo hilo, mahali panapoendeshwa kwa fedha ya kodi. Basi mbona hataza ya dawa iliandikwa kwa jina la kampuni ya Marekani, na nchi ya nyoka isiwe na fungu katika hataza hiyo?

Wako wasemao kwa hasira kwamba huu ulikuwa wizi mtupu. Sisi twaielewa hasira yao, lakini haifai kuwadanganya wasomaji wetu. Ferreira alitangaza uvumbuzi wake waziwazi, kila mtu aweze kuusoma. Kampuni nayo ilitoa fedha, ikaweka wanakemia, ikajaribu na kukosa na kujaribu tena. Hakuna aliyevunja mlango usiku. Lililotokea ni jambo baya zaidi kuliko wizi, maana mwizi aweza kushtakiwa. Lililotokea ni kwamba ngazi ilikuwa na vipago vya chini tu. Palikuwapo mtafiti, lakini hapakuwa na kiwanda cha kumpokea. Palikuwapo elimu, lakini hapakuwa na fedha ya kuisubiri izae. Mwenye ngazi kamili akapanda, akachuma.

Na yeyote anayedhani kwamba nchi za namna yetu haziwezi kuwa na ngazi kamili, na atazame nchi ile ile na nyoka yule yule. Mwaka 1901 palianzishwa katika São Paulo Taasisi ya Butantan, chini ya daktari aitwaye Vital Brazil. Wakulima walikuwa wakipeleka nyoka katika taasisi hiyo, nao wakirudishiwa dawa ya kutibu sumu. Aliyetoa nyoka ndiye aliyepata dawa! Taasisi hiyo ni mali ya umma, na hata leo yatengeneza dawa za sumu ya nyoka pamoja na chanjo. Rosenfeld, mmoja wa wale watatu wa mwaka 1949, alikuwa mtu wa Butantan. Basi kutoka kinywa cha nyoka mmoja zilitoka dawa mbili. Moja ilijengwa na wenye miti, ikawarudia. Ya pili ilijengwa na wengine, ikawarudia wenye miti kwa bei ya dukani.

Hapo ndipo twasema kwamba hoja yetu si ya kuwachukia wageni. Maabara ya London ilimpokea Mbrazili kwa heri, na bila ya mikono mingi dawa hii isingepatikana. Hoja yetu ni kwamba nchi inayomsomesha mtafiti wake na kumnyima chombo cha kufanyia kazi, imelima shamba na kumwachia jirani mavuno. Nasi hatukosi miti. Waganga wetu wana majani na mizizi, na vyuo vyetu vina vijana hodari wa kuichunguza. Yafaa tujiulize kila bajeti inaposomwa: je, vipago vya juu vya ngazi yetu viko wapi?

Lakini ujenzi hauishii kiwandani. Mjenzi wa mwisho ni mfanyakazi mwenyewe, na hapa hatuna budi kusema kwa ukali kidogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo kubwa la damu, kwamba theluthi mbili yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba karibu nusu hawajui kuwa wanalo. Maradhi haya hayapigi hodi. Mpagazi, dereva, mwalimu na mshonaji waweza kuwa nayo miaka mingi wasihisi lolote, mpaka siku mkono mmoja unapokataa kuinuka. Kupimwa ni kazi ya dakika chache. Twaviomba vyama vya wafanyakazi vidai kipimo hicho kiwepo mahali pa kazi, kama vinavyodai viatu na kofia za kazini.

Jambo la pili ni dawa za maumivu. Mwaka 1971 Vane huyo huyo alieleza namna aspirini inavyofanya kazi, ilhali ilikuwa ikiuzwa tangu mwaka 1899 bila mtu kuijua siri yake. Aligundua kwamba aspirini na dawa za jamaa yake huuzuia mwili usitengeneze vitu viitwavyo prostaglandini, vinavyoleta maumivu na mchochota. Kwa kazi hiyo na kazi nyingine juu ya prostaglandini alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Wasweden wawili, Bergström na Samuelsson. Lakini prostaglandini si adui tu. Baadhi yake hulinda ukuta wa tumbo, na baadhi huhakikisha damu inafika katika figo. Kwa hiyo mtu anayemeza diklofenaki au aibuprofeni kila siku baada ya kubeba magunia, huondoa maumivu ya mgongo kwa kukopa katika tumbo na figo zake, tena aweza kulipandisha shinikizo la damu na kuipunguzia nguvu dawa ile ile aliyopewa na daktari kulishusha. Deni hilo hulipwa baadaye, pamoja na riba.

Wala wakubwa wa elimu hawakuepuka funzo hili. Kampuni ya Merck ilileta mwaka 1999 dawa ya maumivu iitwayo Vioxx, iliyosifiwa kwamba hailiumizi tumbo kama nyingine. Mwezi wa Septemba 2004 iliondolewa sokoni, baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Ikiwa mabingwa wenye maabara wanaweza kukosea juu ya kidonge cha maumivu, sisi tunaonunua dukani bila kuuliza tuna udhuru gani?

Basi ndugu wafanyakazi, pimeni damu zenu. Aliyepewa dawa ya shinikizo asiiache kwa sababu anajisikia mzima, maana dawa ndiyo iliyomfanya awe hivyo. Akiona kikohozi kikavu kwa ajili ya dawa za ukoo wa kaptopril, arudi kwa daktari abadilishiwe, asizitupe. Mama mjamzito na aseme mapema kwamba ana mimba, kwa kuwa dawa za ukoo huo hazimfai. Na mwenye maumivu yasiyokwisha atafute sababu yake, asiyazibe mdomo kila jioni.

Nao wenye kushika fedha ya umma twawaambia neno moja. Mkulima wa São Paulo alimpeleka nyoka wake Butantan kwa kuwa alijua atarudi na dawa mkononi. Wananchi wetu nao watatoa kodi zao, mizizi yao na watoto wao wenye akili kwa moyo mkunjufu, siku watakapoona kwamba kilichotoka kwao kinarudi kwao. Miti tunayo. Wajenzi nao wawepo.