Kocha wa taifa hamnoi mtu

Wadau, leo siasa za bungeni naziweka pembeni, nagusa siasa za Hattrick. Msicheke kwanza. Kuna nusu saa ngapi za kafe zimeishia humo?

Kwa asiyeijua, ni mchezo wa umeneja wa soka kwenye intaneti, ulioanzia Sweden mwaka 1997. Unapewa klabu yako bure, unaiendesha. Kocha wa timu ya taifa, ya wakubwa na ya vijana, huchaguliwa kwa kura za mameneja wa nchi hiyo. Sasa hapo kwenye kura ndipo tunapopigwa changa la macho. Mgombea anakuja na mfumo wake, sijui 3-5-2, sijui mashambulizi ya pembeni, na watu tunashangilia. Mimi mwenyewe nimeshampigia mtu kura kwa maneno matamu ya namna hiyo.

Ukweli ni kwamba kocha wa taifa hawezi kumpa kijana hata dakika moja ya mazoezi. Yote yanafanyika klabuni, na klabu inafanya zoezi la aina moja tu kwa wiki. Ukinoa uchezeshaji, wanaofaidika kikamilifu ni viungo wa kati: watatu mechi ya ligi, watatu wengine ile ya katikati ya wiki. Sita, basi. Ukinoa makipa ni wawili tu, timu nzima iliyobaki inakula jua.

Na wiki zenyewe hazirudi jamani. Mwaka wa mchezaji humo ni siku 112, yaani wiki 16. Kijana wa miaka 17 anashika zoezi haraka kuliko atakavyoshika akishakua, na toka hapo mpaka afikishe 20 ni wiki 48. Akiuzwa mara mbili tatu kwa mameneja wenye mazoezi tofauti, anaishia kujua kidogo cha kila kitu. Wa kuuza chai.

Nchi yenye mameneja kibao inaweza kupoteza vijana kumi wa hivyo na isistuke. Nchi yenye mameneja wa kuhesabika haina ubavu huo. Ndiyo maana kwa mtazamo wangu kazi ya kocha wa vijana ni kuandika barua: kumtafuta kila mwenye kijana mzuri, hata kama ni meneja wa nje aliyemnunua (uraia wa kijana haubadiliki), na kumbembeleza asibadilishe zoezi. Kubembeleza, maana hana cha kumlipa.

Nasema hivi kwa sababu nina kipa wa miaka 17. Meneja mmoja kanitumia ujumbe nimweke sokoni. Nikimuuza napata hela ya mabeki wawili walio tayari, na timu yangu inachungulia kushuka daraja. Nikimnoa, msimu mzima hakuna mwingine anayepanda kiwango. Uzalendo unauma, asikwambie mtu. Na katika wagombea wote wa uchaguzi uliopita, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina kipa.

Bado sijamweka sokoni. Mgombea ajaye akiniandikia huku anajua kipa wangu ana miaka 17 na siku ngapi, kura yangu kachukua. Hiyo 3-5-2 atanieleza baadaye.