Mashuhuri wa Elimu: Profesa Saleemul Huq wa Bangladesh

Jirani akiwasha moto shambani mwake, upepo ukauchukua hata ukateketeza nyumba yako, wazee wa mtaa watakaa waulize: nani atalipa? Swali hili ndilo aliloling'ang'ania marehemu Profesa Saleemul Huq kwa miaka mingi.

Alizaliwa mwaka 1952, akasoma elimu ya mimea huko London hata akapata udaktari, kisha akarejea Dhaka akashirikiana na wenziwe kuanzisha kituo cha utafiti. Vyeo vyake vingine tuviache, maana kazi yake ndiyo inayotuhusu.

Pwani ya Bangladesh ni tambarare, karibu kulingana na bahari. Novemba 1970, nchi hiyo ilipokuwa ingali Pakistan ya Mashariki, tufani moja iliua watu wasiopungua laki tatu. Baadaye wenyeji wakajenga majumba ya kukimbilia, na vijana wa kujitolea wakafundishwa kupita vijijini kutoa habari ya hatari. Tufani ya Mei 2020 ilipokuja, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa mapema, na waliokufa nchini humo hawakufika mia. Profesa alijivuna kwa jambo hili, na haki yake! Alishikilia kuwa maskini si wa kuhurumiwa tu, bali wana la kufundisha. Katika mikutano aliyoiitisha, wageni walipelekwa kwanza vijijini wakaonane na wakulima na wavuvi, ndipo wakae kujadiliana.

Lakini aliyeokoka hurudi kwake akakuta nyumba haipo, na shamba la mpunga limeingia maji ya chumvi. Hasara ile nani ailipe? Joto linalozidisha nguvu za tufani na kuinua bahari hutokana zaidi na moshi wa makaa na mafuta yaliyochomwa na nchi tajiri tangu zama za babu zao. Mkulima wa Bangladesh amechoma nini?

Mataifa makubwa hayakupenda kulisikia neno fidia. Hata hivyo Profesa alihudhuria kila mkutano wa mwaka wa Umoja wa Mataifa juu ya tabianchi, tangu ule wa kwanza wa Berlin mwaka 1995, akiwashauri wajumbe wa nchi maskini. Novemba 2022, huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu.

Alifariki Dhaka tarehe 28 Oktoba 2023. Baada ya mwezi mmoja na siku mbili, mkutano ulipofunguliwa Dubai, mfuko ule ulipitishwa siku ya kwanza, na Falme za Kiarabu na Ujerumani kila moja ikaahidi dola milioni 100. Ni kidogo mno mbele ya hasara yenyewe, lakini swali lake lilikuwa limewekewa fedha mezani.