Meno ya plastiki hayapo, homa ipo

Baridi ya Juni na Julai ikishuka Mafinga, Uyole au Tukuyu, usiku huwa mrefu zaidi kwa mwenye mtoto mchanga. Mtoto analia tangu jioni, anakunja miguu, tumbo limekaza. Mama amechoka, baba amegeukia ukutani. Siku ya pili anaharisha na mwili una moto. Jirani anakuja, anamfungua kinywa, anabonyeza ufizi na kutoa hukumu: "Ana meno ya plastiki huyo. Mpelekeni akang'olewe."

Tuseme wazi: meno ya plastiki si ugonjwa. Kile kivimbe cheupe ni chipukizi la chonge la utotoni. Kila mtoto analo, na lingetokeza lenyewe akikaribia mwaka mmoja na nusu. Likifukuliwa mapema huonekana laini kwa sababu halijakomaa, basi watu wakaliita plastiki.

Wanaofukua hutumia wembe, msumari, hata spoku ya baiskeli. Mtoto wa kilo 6 ana damu kama nusu lita tu mwili mzima. Hapo hatujataja pepopunda, virusi vya Ukimwi, wala jino la ukubwani linaloweza kuharibika chini ya ufizi.

Kinachotuuma zaidi ni muda. Wakati familia inatafuta mng'oaji, mtoto anaendelea kupoteza maji, au nimonia inaendelea kifuani. Wapo wanaopona baada ya kung'olewa, ni kweli. Kuhara kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na sifa zote humwendea mwenye wembe.

Meno huanza kuota karibu na miezi 6, wakati uleule mtoto anapoanza uji, anapokaa chini na kutia kila kitu mdomoni. Vijidudu vinapata njia, meno yanasingiziwa. Kuota meno kunaleta udenda na kununa. Homa kali na kuhara vina chanzo kingine. Kwa ufizi unaowasha, usugue kwa kidole kilichonawa sabuni au kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi yaliyochemshwa.

Na mchango? Kilio cha jioni cha mtoto anayenyonya na kuongezeka uzito huanza wiki za mwanzo, hukolea karibu na wiki ya 6, na hupungua akifikisha miezi 3 au 4. Mnyonyeshe, msimamishe begani mpaka acheue, kisha mbebe mgongoni utembee naye. Bibi zetu, shikamooni: kanga yenu ya kubebea inafaa kuliko chupa nyingi za dukani. Lakini maji ya mizizi tunaomba yasubiri. Kabla ya miezi 6 maziwa ya mama yanatosha, na asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja.

Kuamka usiku kila baada ya saa mbili au tatu ni kawaida. Tumbo lake ni dogo. Mlaze chali. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata kama baridi inauma, maana moshi wake usioonekana huua familia nzima usingizini.

Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akitapika kijani, akiwa na degedege, akipumua haraka, macho yakizama au kinyesi kikiwa na damu, nendeni kituo cha afya sasa hivi, msingoje kupambazuke. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa naye asingoje. Anayeharisha aendelee kunyonya, apewe ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu atakavyoelekeza.

Na yule baba aliyegeukia ukutani ana mgongo pia. Saa nane usiku ampokee mama mtoto, walau kwa saa moja, mama alale.