Neno la Juma: "Gum"

Neno la juma hili ni la Kiingereza, nalo lina herufi tatu tu: "gum". Kwa udogo wake lingepaswa kuwa jepesi, lakini limewasumbua wengi kuliko maneno marefu yanayojaza nyaraka za serikali. Hapa kwetu Ntinda, mtoto akitumwa dukani na kusema anataka "gamu", muuzaji mwenye busara humwuliza kwanza: ya kutafuna au ya kubandika? Asipouliza, mtoto atarudi nyumbani na kitu cha kinywani badala ya kitu cha vitabuni, na hilo ni heri. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa.

Kwa asili hili si neno moja, bali ni maneno mawili yaliyokutana njiani na kuvaa sare moja. La kwanza lilianza safari yake Misri ya kale, likapita kwa Wayunani, kwa Warumi na kwa Wafaransa, hata likawafikia Waingereza. Maana yake ni maji mazito ya mti yanayoganda na kunata. La pili ni la Waingereza wenyewe tangu kale, na zamani lilitaja sehemu ya ndani ya kinywa. Leo ndilo lenye maana ya nyama ishikayo meno, ambayo sisi twaiita ufizi. Basi asije mtu akadhani kwamba ufizi uliitwa hivyo kwa kuwa unayagandisha meno. Ni bahati tu ya matamshi.

Tuanze na la mti. Kiswahili hakikuridhika na jina moja kwa vitu vyote vinatavyo, na katika jambo hili, kwa maoni yangu, tumewashinda Waingereza. Maji meupe yatokayo kwenye jani la mgomba au ganda la fenesi ni utomvu. Utomvu uliopikwa ili kunasia ndege ni ulimbo. Kitu cha kubandikia bahasha ni gundi, neno lililotujia kutoka Bara Hindi pamoja na maneno mengine ya dukani. Kitu cha kufukizia ni ubani, kutoka Kiarabu, na jirani zetu Waganda wakalichukua wakasema "obubaane". Kuna na sandarusi, kuna manemane, kuna na nta ya nyuki. Mwingereza akiona mojawapo ya hivyo, nta tu ukiitoa, aghalabu husema "gum" na kupita.

Gundi ya asili iliyo bora hutoka katika aina ya mgunga iotayo katika nchi kavu kuanzia Senegal hadi Sudan, na kwetu hupatikana Karamoja. Gome hukatwa, mti hutoa machozi, machozi hukauka na kuokotwa kama vipande vya kahawia vinavyong'aa. Sudan, hasa jimbo la Kordofan, ndiyo iliyokuwa ikiuza nyingi kuliko nchi nyingine. Gundi hiyo huyeyuka katika maji, hailevyi, haina sumu, na kwa hiyo hutiwa katika soda, katika peremende, katika vidonge vya dawa na katika wino. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka 1997, gundi ilipata kufunguliwa mlango wake peke yake, kwa sababu viwanda vya vinywaji havikuwa na kitu cha kutosha kuweka mahali pake. Wanasiasa walikasirika, lakini soda ilihitaji kunyweka.

Sandarusi ni habari nyingine. Hiyo haiyeyuki katika maji hata ukiiloweka mwaka mzima. Katika karne ya 19 wenyeji wa Mrima waliichimba mchangani, mahali palipokuwa na misitu ya kale iliyokwisha kutoweka, wakaileta Unguja, na kutoka huko majahazi na merikebu ziliipeleka Bombay na Salem katika Marekani. Huko ilitengenezwa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliandika katika vitabu vyao kwamba ni "gum", na jina hilo likabaki, ingawa kwa elimu ya leo si gundi hata kidogo. Gundi huyeyuka katika maji. Sandarusi hutaka mafuta au spiriti. Mama anayemenya matoke au kupasua fenesi anaijua elimu hii bila kufundishwa na mtu. Hupaka mafuta ya kupikia kisuni na viganjani kabla ya kuanza, kwa sababu utomvu ule, ambao Waganda huuita "amasanda", hauogopi maji wala sabuni bali mafuta. Ukishanata, paka mafuta kwanza, futa kwa karatasi au kitambaa kikuukuu, ndipo unawe kwa sabuni. Nguo iliyokwisha kupata doa la utomvu wa ndizi, lakini, ifanye nguo ya shamba.

Ya kutafuna sitaisema sana, maana wasomaji wengi wanaijua kuliko mimi. Katika pwani na Tanzania wako wanaoiita ubani, kwa sababu ubani wenyewe ulitafunwa tangu zamani ili kunukisha kinywa. Wengine husema chingamu, na wengine huitaja kwa chapa ya kiwanda, Big G. Bwana William Wrigley alipoanza biashara mjini Chicago mwaka 1891 aliuza sabuni, kisha hamira ya unga, na chingamu alikuwa akiitoa bure kama nyongeza. Alipoona watu wanaipenda nyongeza kuliko bidhaa, akaiacha hamira. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani walitiliwa chingamu katika posho yao ya chakula, na kwa mikono yao ilienea duniani. Ukimeza kipande kimoja hakigandi tumboni miaka saba, kama watoto wanavyotishwa, kitatoka. Ila mtoto mdogo anayemeza vingi kila siku anaweza kuziba utumbo, kwa hiyo afadhali asipewe mpaka ajue kutema.

Pia Waingereza huviita viatu virefu vya mpira vya kuvalia matopeni "gum boots", na mkaratusi huuita "gum tree". Askari waliopata kulinda daraja wakati wa masika wanavijua vya kwanza, na kila aliyenunua mti wa kujengea anaujua wa pili.

Hapa msomaji aweza kuuliza, je, Kiswahili hakina mzigo kama huo? Kinao. Neno mpira ni ushahidi tosha. Mpira ni mti na mtambaazi unaogemwa utomvu, kama walivyogemwa katika msitu wa Mabira mwanzoni mwa karne ya 20. Mpira ni kitu kinachotokana na utomvu huo. Mpira ni bomba la kumwagilia bustani. Mpira ni wa kupigwa teke. Mpira ni mchezo wenyewe, hata husemwa kwamba leo kuna mpira Namboole. Na muuguzi akimwambia mgonjwa aliyelazwa kuwa atamwekea mpira, hana maana ya mchezo. Tusiwacheke Waingereza sana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nilichague neno hili. Mke wa sajini mmoja alirudi kutoka zahanati na karatasi ya mtoto iliyoandikwa maneno machache ya Kiingereza, mojawapo likiwa "gums". Alilijua neno hilo kwa maana ya gundi. Jirani yake akamweleza kwamba ni ufizi, na akaongeza la kwake: kama ni ufizi, basi mtoto ana "ebinyo", apelekwe kwa bibi mmoja ang'olewe. Tafsiri ilikuwa sahihi. Ushauri ulikuwa wa kuua.

Wasomaji wa Uganda wanalijua jambo hili, na wale wa Tanzania wanalijua kwa jina la meno ya plastiki. Mtoto mchanga wa miezi michache hupata homa, huharisha, hukataa titi. Wazee hufunua midomo yake, huona uvimbe mweupe katika ufizi mahali pa meno ya chonge, nao husema kwamba hayo ni meno ya uongo, ndiyo yanayomla mtoto. Kisha ufizi hupasuliwa kwa kisu, kwa msumari au kwa njiti ya gurudumu la baiskeli, na vitu vidogo laini hutolewa na kuonyeshwa kama mabuu. Daktari wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika habari za desturi hiyo katika Uganda mwaka 1969, na mpaka leo madaktari wetu wanawapokea watoto waliotendewa hivyo.

Vile vinavyotolewa si mabuu. Ni meno ya chonge yenyewe, ambayo bado hayajakomaa wala kuwa magumu. Kila mtoto mwenye afya anayo chini ya ufizi, na weupe unaoonekana ni dalili kwamba yanakua kama yapasavyo. Mkono usio na ujuzi ukichimba hapo huharibu pia chipukizi la jino la ukubwani lililo chini yake, na mtoto atakuwa na pengo au jino lililopotoka maisha yake yote. Hayo ni madogo. Makubwa ni damu isiyokoma kwa mtoto ambaye tayari amedhoofika, pepopunda, sumu kuingia katika damu, na virusi vya UKIMWI kupitia kifaa kilichotumika kwa mtoto mwingine asubuhi ile ile.

Nao ugonjwa uliomleta mtoto huko unabaki palepale. Kuharisha hakukutoka kwenye ufizi. Kumetoka kwenye maji, chupa au mikono michafu, na homa yaweza kuwa malaria. Mtoto aliyepona baada ya kung'olewa "ebinyo" angepona hata bila hayo, lakini bibi yule ndiye hupewa shukrani, na aliyekufa husemwa kwamba alicheleweshwa. Hivyo ndivyo desturi inavyojilinda.

Kinachotakiwa ni rahisi. Mtoto aendelee kunyonya. Apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, anyweshwe kidogo kidogo kila anapoharisha. Kisha apelekwe kituo cha afya siku ile ile, akapimwe malaria na kupewa vidonge vya zinki. Akiwa amelegea, macho yamebonyea, au hawezi kunywa, asingojwe mpaka kesho.

Kuna hali moja ambapo uvimbe wa ufizi ni jambo zito kweli, na haki inataka niiseme hapa, kwa maana iligunduliwa mjini mwetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika pande zote za taya. Alifuatilia wengine kama yeye, akaandika habari zao mwaka 1958, na saratani hiyo sasa inaitwa kwa jina lake duniani kote. Huwapata zaidi watoto waliokwisha kuacha kunyonya, hasa wenye miaka 4 hadi 8. Meno hulegea kabla ya wakati wake, ufizi hufura, taya huvimba kwa siku chache tu mpaka uso ukabadilika. Hiyo nayo haiponyeki kwa msumari. Huponyeka kwa dawa, na watoto wengi wamepona, ikiwa wamefikishwa mapema. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ilianza kwa ajili ya watoto wa namna hiyo.

Ama ufizi wa mtu mzima utokao damu kila anapopiga mswaki, mara nyingi ni uchafu uliogandamana kwenye shina la meno, na dawa yake ni mswaki wenyewe, asubuhi na usiku, pamoja na kumwona daktari wa meno. Wasiopata mboga wala matunda kwa miezi wanaweza kupata kiseyeye. Mabaharia wa kale walikufa kwa mamia kwa ugonjwa huo, mpaka James Lind alipowapa baadhi yao machungwa na malimau mwaka 1747 akaona wanainuka. Askari aliye porini asidharau embe.

Nimalizie na swali la konstebo mmoja wa Naguru, aliyekalia chingamu ndani ya basi akiwa katika sare. Usiikwangue ikiwa laini, wala usiipige pasi. Weka suruali katika mfuko wa plastiki, iingize katika barafu ya friji, au iwekee mabonge ya barafu kwa saa moja. Ikishakuwa ngumu itabanduka kwa kijiko. Alama itakayosalia isuguliwe kwa mafuta ya kupikia kidogo, kisha kwa sabuni ya kipande. Na kama kilichoganda ni ile gundi kali ya mirija midogo wanayotumia mafundi viatu, hiyo ni vigumu kuitoa kwenye kitambaa. Ikigandisha vidole, usivivute. Viloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka viachane. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi, usilazimishe kope kufunguka, na nenda hospitali mara moja. Mirija hiyo yafanana sana na ya dawa ya macho, kwa hiyo isiwekwe kabati moja nayo.