Masharti ya Chama Si Mali ya Katibu

Kila msimu wa pamba twasikia maneno yale yale. Penye maghala ya Bariadi, Maswa hata Meatu, watu huketi juu ya marobota wakilalamika: makato ni mengi, fedha zachelewa, mbegu hazikufika kwa wakati. Jua likichwa kila mtu huenda kwake, na manung'uniko huenda naye. Mkutano mkuu ukija, wale wale hukaa kimya, hunyosha mikono pamoja na wengine, kisha hurudi ghalani kulalamika. Sisi twasema waziwazi: desturi hii yatudhuru kuliko mizani mbovu.

Msimu wa 2018 serikali iliagiza pamba iuzwe kwa njia ya vyama vya msingi vya ushirika. Jasho letu likapita mikononi mwa chama, na masharti ya chama ndiyo yasemayo nani achaguliwe, akae muda gani, na atoe hesabu kwa nani. Tena Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeuweka mkutano mkuu wa wanachama juu ya bodi. Lakini ni wangapi kwetu waliopata kuyasoma masharti hayo?

Twakumbuka mkutano mmoja, wala hatutakitaja chama chenyewe. Mzee mmoja aliomba asomewe sharti la uchaguzi wa bodi. Katibu akajibu kwamba kitabu kimefungiwa kabatini, na ufunguo hauko. Watu wakacheka. Nasi tulicheka, na leo twaona haya kulisema; maana mzee yule hakuomba fadhila, aliomba kilicho chake.

Baba zetu hawakufanya hivyo. Mizani ya wanunuzi ilipowapunja, wakulima wa Usukuma hawakuishia kunung'unika. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama, na mwaka 1955 vyama vyao vikafanya shirikisho kubwa la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Lakini mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika vya nchi nzima, na uamuzi huo haukutoka katika mikutano ya wanachama. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982. Basi tujifunze: chama ambacho mwenyewe hana neno ndani yake, wengine watakisemea.

Je, njia ni ipi? Kwanza, mwanachama aombe masharti ayasome. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe. Pili, aandike kwa maneno machache: sharti fulani lasema hivi, nataka liseme hivi, kwa sababu hii. Tatu, atafute wenzake watakaotia sahihi, ampelekee katibu mapema kabla ajenda haijatolewa, naye abaki na nakala. Nne, mkutanoni asimame aitetee hoja yake, awasikilize wanaoipinga, kura zihesabiwe kama masharti yaagizavyo, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Tano, badiliko lipelekwe kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, kwani lisiposajiliwa halina nguvu. Kadhalika mpango wa kazi wa mwaka: atakaye chama kijenge ghala au kinunue mizani, alete hoja kabla makisio hayajapitishwa, wala si baada ya fedha kwisha.

Wako watakaosema, "Mwenye kuleta hoja ataitwa mchochezi." Na aitwe! Mchochezi hunong'ona gizani. Aandikaye jina lake chini ya hoja hana cha kuficha. Wengine watasema, "Viongozi hawatakubali." Kiongozi ana kura moja, nawe unayo moja. Hiyo ndiyo kanuni ya ushirika tangu siku za wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844.

Nanyi makatibu, toeni kitabu kabatini. Mkiogopa kisomwe, mwatupa sababu ya kukisoma haraka zaidi.

Na sisi walimu, ambao wengi wetu tuna shamba la pamba na kalamu pia, tusiwe wa mwisho. Jirani akija na lalamiko lake, tumkalishe, tumwandikie hoja yake, aitie sahihi au dole gumba. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na chama chema hakitajiunda chenyewe huku sisi tumekaa juu ya marobota.